Umepandishwa Daraja

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimebakiza safari mbili kufika Dhahabu, daraja la juu la kadi ya wasafiri wa ndege. Aliyesema ni Favour, mhudumu wa kaunta ya shirika la ndege pale uwanjani, asubuhi hii, huku akinirudishia kitambulisho. Akanikumbusha kuwa hesabu hufutwa tarehe 31 Desemba. Asiyefika huanza upya na Shaba, kama mtoto wa chekechea. Mvua ya kwanza ya vuli imegusa Ilemela, kwetu Mwanza, alfajiri, ikajifuta.

Jumatano, 9 Oktoba
Kurudi kutoka Dar. Kiti cha kati. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 19 Oktoba
Watu huniuliza namna ya kupandishwa daraja kwenye ndege kana kwamba kuna dawa. Nimelifuatilia jambo hili kama ninavyofuatilia habari nyingine, nikilinganisha walichosema na walichofanya. Nguo haisaidii. Nimemwona mtu wa suti na tai akikataliwa, na mzee wa kandambili mwenye kadi ya Dhahabu akipelekwa mbele. Bahati yako ni ndege iliyouza tiketi za nyuma kupita viti vilivyopo, kwa sababu siku hiyo lazima wamsogeze mtu. Huangalia kwanza rangi ya kadi, kisha adabu. Uliza kwenye kaunta, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Ukiuliza tena mlangoni umeshakuwa msumbufu, na msumbufu hukaa pale tiketi ilipomweka.

Thamani ya hadhi yenyewe ni suala jingine. Mhariri wangu wa Dar anasema ni heshima. Selestina, mke wangu, anaona thamani moja tu: kilo za ziada. Nyumbani kwetu kadi yangu huitwa kadi ya samaki. Sijawahi kutua Dar bila boksi la sato lililozungushiwa seloteipu, na shemeji wawili wakinisubiri nje, wakiliulizia boksi kabla ya kuniamkia.

Mvua imenyesha usiku mzima. Mawe ya kilima chetu yanateleza.

Jumapili, 27 Oktoba
Chakula cha mchana Buhongwa, kwa dada Teodora. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Aliniuliza hiyo Dhahabu ni kitu gani.

"Kwa hiyo ukiipata unakuwa nani?"

"Naitwa kupanda kwanza."

"Ndege inaondoka na wewe, wenzako wanabaki?"

"Hapana, dada. Tunaondoka wote."

"Sasa unawahi kwenda kukaa." Akamgeukia Selestina. "Wifi, mume wako anashindana kukaa."

Walicheka hadi Selestina akaweka kijiko chini. Mimi nikamjibu kwa swali, ndiyo kazi yangu: na yeye daraja lake likitoka atakuwa nani?

Hakucheka. Ukweli ni huu. Alihamishwa kutoka Ukerewe kuja Mwanza miaka tisa iliyopita, na tangu hapo jina lake halijawahi kusomwa walimu wanapopandishwa daraja. Ameandika maombi kila alipoambiwa aandike. Walimu aliowapokea wakiwa wageni, akawafundisha namna ya kushika chaki, wamempita. Anastaafu Machi.

"Ukistaafu chini," akasema, "utaitwa wa chini hadi siku ya kusomewa wasifu kaburini." Akaniongezea mchuzi bila kuniuliza.

Ijumaa, 1 Novemba
Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Makala imekwenda kwa simu.

Alhamisi, 7 Novemba
Queen, binti wa dada, amejifungua mtoto wa kike Dar, salama. Dada atakwenda kumwona mjukuu shule zikifungwa. Alikuwa amepanga basi. Nimemwambia atapanda ndege, tiketi nitaitoa kwenye pointi zangu. Hajawahi kupanda. Amesema atafikiria, maana yake ameshakubali na anaanza kuwaza viatu.

Jumanne, 12 Novemba
Safari ya leo imetimiza hesabu, nimeingia Dhahabu. Favour amenipa kadi kwa mikono miwili, kama anamvisha mtu pete. Ni nzito kidogo kuliko ya Fedha; rangi ni ya haradali zaidi kuliko dhahabu. Inakuja na zawadi moja kwa mwaka: kumpandisha daraja mtu mmoja kwa safari moja, mwenyewe au ndugu.

Zawadi nilikwisha kuipangia kazi. Januari tuna mkutano wa mwaka Dar, na mhariri wangu husafiri mbele kila mara. Nilitaka anikute nimekaa pale, nasoma gazeti, nimwamkie bila kusimama.

Alhamisi, 14 Novemba
Nilikwenda shuleni kwa dada kuandika habari ya paa la darasa lililoezuliwa na upepo. Mwalimu mkuu, Zadok, mtu wa Mara mwenye sauti ya kuita mtumbwi ng'ambo ya pili, amenitembeza. Watoto wa darasa la pili wamehamishiwa chumba cha jirani, madarasa mawili mahali pamoja, na dada mbele yao.

Mtoto mmoja alisimama kusoma sentensi ubaoni: "Nina kalamu." Akasoma, "Nina karamu." Darasa likaguna. Huku kwetu l na r ni mapacha, hata mimi huwa naziangalia mara mbili kabla ya kutuma habari.

Dada akasema, "Karamu? Basi tualike! Kuna wali?"

"Hapana, mwalimu."

"Kuna nyama?"

"Hapana."

"Kuna nini sasa?"

Mtoto akaangalia mkononi. "Kalamu," akasema, sawasawa, naye akacheka na wenzake. Akakaa akiwa ameijua herufi, na hakuna aliyemcheka yeye.

Nimesimama dirishani muda mrefu kuliko habari ya paa ilivyohitaji. Nilikuwa namjua dada jikoni. Kazini sikuwa nimemwona.

Jumamosi, 16 Novemba
Zawadi nimempa dada. Atasafiri tarehe 7 Desemba, mbele. Favour ameshangaa.

"Mzee, wengine hii zawadi huigombania hadi na wake zao."

"Mimi mwandike dada yangu."

Akaniomba namba ya simu ya msafiri, nikamtajia ya dada, maana tiketi ni yake. Ombi litajibiwa makao makuu, akasema. Dada sijamwambia. Nataka ajue akiwa mlangoni mwa ndege, akielekezwa kushoto.

Jumatano, 20 Novemba
Kampeni za serikali za mitaa. Mikutano mitatu, ahadi zile zile, matope.

Ijumaa, 22 Novemba
Nilikuwa Magu kikazi. Mchana simu ililia, dada. Sauti ilikuwa ya kulia.

"Mdogo wangu, limetoka!"

"Nini kimetoka?"

"Daraja! Limetoka, limetoka!"

Nikamuuliza ninalomuuliza kila mtu. "Nani kasema?"

"Imeandikwa! Meseji imeingia nikiwa darasani."

Nikamwomba anisomee. Alisoma kwa sauti ya imla, na nyuma yake niliwasikia walimu wakipiga vigelegele: "Hongera, Masele Teodora. Ombi lako limekubaliwa. Umepandishwa daraja. Maelezo zaidi yatafuata."

Hapakuwa na jina la shirika. Hapakuwa na neno ndege. Nimeandika habari kwa zaidi ya miaka thelathini, nikijua namna neno moja linavyoweza kumuumiza mtu, na sikumuuliza Favour jibu litakwenda kwa nani wala litasemaje.

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini simu ilikuwa imeshachukuliwa na Zadok. "Bwana Antoni! Haki haizami! Tumemnunulia mbuzi!" Ikakatika.

Nilifika Buhongwa jioni. Mvua ilikuwa imeanza, ile nzito. Sebuleni walikuwepo walimu wote, majirani na wanakwaya wa kanisani kwake. Mbuzi alikuwa tayari sufuriani. Dada alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya Pasaka iliyopita na kutolivaa. Zadok alikuwa amesimama akihutubia, na kila aliposema "mwalimu wetu" watu walipiga meza.

Nikamwomba dada tuongee pembeni. Tukaingia chumbani kwake. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba nilimwona akifungua mdomo bila kusikia neno.

"Dada, ile meseji siyo ya kazini."

Akaweka mkono sikioni.

"Nasema siyo ya ofisi ya elimu!"

"Eee? Elimu? Ndiyo, elimu!" Akanishika bega, akitabasamu.

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "NI YA NDEGE, DADA! NI KITI CHA NDEGE!"

Wanaoishi huku wanaijua mvua ya ziwa inavyokata. Haipungui, inakata, kama mtu aliyezima redio. Ilikata kabla sijafika kwenye neno "kiti". Maneno yaliyobaki yalikwenda peke yake nyumba nzima. Sebuleni aliyekuwa anaimba aliacha katikati ya mstari.

Dada aliniangalia. Nikamweleza kwa sauti ndogo, ambayo sasa haikuwa na faida: zawadi, kadi, namba yake ya simu. Alisikiliza hadi mwisho, kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma. Kisha akanyoosha gauni, akatoka. Nikamfuata.

"Mmesikia," akawaambia wageni. "Nimepandishwa daraja na ndege. Serikali bado." Hakuna aliyejua acheke au asicheke. "Nyama imeiva. Mbuzi hana kosa. Kuleni."

Akapakua mwenyewe, kuanzia kwa Zadok. Alikula na yeye, kipande baada ya kipande, mgongo umenyooka, hadi mgeni wa mwisho alipoaga. Mimi sahani yangu aliijaza kuliko za wengine.

Jumamosi, 23 Novemba
Simu yake haipokelewi.

Jumapili, 24 Novemba
Selestina amekwenda Buhongwa peke yake, alinishauri nibaki. Amerudi na ujumbe: dada hasafiri. Tiketi nimpe mtu mwingine.

"Amekasirika?" nikauliza.

"Hajakasirika. Ana aibu. Jana sokoni watu watatu wamempa hongera, na wote watatu amelazimika kuwasahihisha." Akavua viatu vya matope. "Anasema bora asingefurahi."

Nimelipima neno hilo jioni nzima. Nilikuwa naliona daraja lake kama kadi yangu, rangi tu. Kadi yangu nikiikosa, ninakaa nyuma na kufika vilevile. Yeye alifurahi mbele ya watu wote aliofanya nao kazi, akanyang'anywa mbele yao wale wale, kwa sauti yangu.

Jumatatu, 25 Novemba
Zadok amekuja ofisini kwangu, amefunga mlango. Nilidhani anakuja kunilaumu.

"Nina jambo," akasema, kwa sauti ambayo kwake ni mnong'ono. "Ijumaa ile, kabla hujafika, niliwapigia simu ofisi ya elimu. Nikawashukuru kwa niaba ya shule."

"Kwa daraja ambalo hawajatoa."

"Ndiyo. Na afisa akanijibu: 'Karibu sana mwalimu mkuu, tumelifanyia kazi.'"

Nikamwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno.

Ni mara ya kwanza nimecheka tangu Ijumaa. Mtu wa ofisini alipewa shukrani asizozijua, akaona aibu kuuliza, akazipokea. Tena alisema lilifanyiwa kazi. Nikavuta simu. Kauli kama hiyo, kutoka kwa mhusika, ndiyo habari yenyewe; nilikuwa na kichwa cha habari tayari.

"Muulize kwanza mwalimu mwenyewe," Zadok akasema.

Jumanne, 26 Novemba
Dada amepokea simu. Nimemsimulia. Nikamsikia anacheka puani.

"Amezipokea shukrani?"

"Amezipokea."

"Sasa wewe unataka kufanya nini?"

"Nimpigie. Nimuulize kama mwandishi."

"Usimpigie. Nimeshapandishwa na ndege, Antoni. Sitaki tena nipandishwe na gazeti. Watasema ni ndugu yake. Nitakwenda mwenyewe."

"Utasemaje?"

"Nitakwenda kushukuru."

Jumatano, 27 Novemba
Kura za mitaa. Foleni ndefu, jua. Sikulala.

Ijumaa, 29 Novemba
Aliyesimulia haya ni Zadok, aliyemsindikiza. Dada ameyathibitisha kwa kuitikia kwa kichwa.

Aliingia na lile gauni la kitenge. Akaamkia. Akakaa. Akasema, "Nimekuja kushukuru kwa daraja mlilolifanyia kazi. Naomba kujua limefikia wapi, ili nijue nashukuru kiasi gani."

Afisa alimwangalia Zadok. Zadok akaangalia dari.

"Mama, hilo... liko kwenye mchakato."

"Mchakato upi, mwanangu? Mimi ni mwalimu. Nieleze hatua kwa hatua, nitafuata."

Afisa aliita mwenzake, mwenzake akaita mwingine. Dada hakupandisha sauti, wala hakuondoka. Mwisho likajulikana jambo la kawaida kabisa: tangu ahamishwe, kila upande, Ukerewe na Mwanza, ulidhani upande mwingine ndio unaomshughulikia. Maombi yake yote yalipokelewa na watu walioamini hayawahusu. Afisa aliomba radhi, akaahidi jina lake litapelekwa kwenye kikao cha Desemba na dada mwenyewe ataitwa aeleze. Tarehe wataambiwa.

"Unaamini?" nikamuuliza dada.

"Siamini. Lakini safari hii wamenitazama usoni." Kisha, akifunga mwavuli: "Ile tiketi yangu umempa nani?"

"Hakuna."

"Vizuri. Mjukuu naye hana kosa, kama yule mbuzi."

Jumamosi, 7 Desemba
Tumesafiri na dada. Favour alimpa kadi ya kupandia akamwita "mama mheshimiwa". Dada akageuka kuangalia nyuma yake kama kuna mbunge. Boksi la sato limepita kwa kilo zangu. Mlangoni mwa ndege yeye kushoto, kiti cha dirisha, mstari wa kwanza. Mimi nikaendelea hadi wa kumi na nne, na pazia likafungwa kati yetu.

Hatujamaliza kupaa vizuri taa ya mikanda ikazimika na pazia likafunguka. Dada. Anatembea taratibu, mkono kwenye kila kiti, akisalimia watu kama yuko kanisani.

"Kumbe huku ndiko unakokaa siku zote?"

"Dada, rudi mbele."

"Nimekuletea korosho. Kule wanagawa kwenye bakuli la udongo." Akanimiminia kiganjani. "Na kitambaa cha moto. Nimefuta uso, nimeona bora ningekwenda nacho nyumbani."

"Mama, naomba urudi kwenye kiti chako," mhudumu akamwambia kwa upole.

"Narudi, mwanangu. Namkagua huyu." Akainama sikioni kwangu. "Kuna bwana mkubwa kando yangu, ana saa kama sahani. Ameniuliza ninafanya kazi gani. Nimemwambia mwalimu. Akauliza, mkuu wa nini? Nikamwambia, wa darasa la pili."

"Akasemaje?"

"Amerudi kwenye simu yake." Akanipiga begani. "Ila kiti ni kizuri, mdogo wangu. Nisikudanganye. Miguu inafika mwisho na bado kuna nafasi. Nilikusema bure."

Akarudi. Kwa mara ya kwanza nimesafiri na hadhi ya Dhahabu nyuma ya pazia, na korosho mkononi, na sikutaka kubadilishana na mtu.

Jumatatu, 9 Desemba
Nimerudi Mwanza, kazi. Nimemwacha dada na mtoto mapajani, akimwita mwalimu. Tiketi yake ya kurudi ni ya baada ya Krismasi.

Alhamisi, 12 Desemba
Kikao kitakaa Jumatano ijayo, tarehe 18, na dada anaitwa aeleze mwenyewe. Aliyesema ni Zadok, aliyepigiwa na yule afisa, na mara hii amehakikisha kwa kuuliza mara mbili.

Nimempigia dada. Queen nyuma yake alikuwa analalamika: mama amekaa siku chache tu, Krismasi imefika, mtoto ndiyo anaanza kumzoea. Dada alimwacha aseme yote.

"Nilimlea mama yake," akaniambia. "Huyu nitamlea pia, nikistaafu. Lakini nistaafu nikiwa nani? Nitafutie ndege."

Kubadilisha tarehe kwa mwanachama wa Dhahabu ni bure, na kwa ndugu aliyemkatia tiketi pia. Nimelijua leo, kati ya faida za kadi sikuwahi kulihesabu, kwa sababu sikuwahi kuwa na mtu wa kumwahisha. Favour alitafuta muda mrefu. Jumatatu imejaa. Jumanne amepata kiti kimoja.

"Mzee, ni kibaya. Mstari wa mwisho kabisa, kati ya watu wawili, mgongo kwenye choo. Na hakirudi nyuma."

Nikamweleza dada hivyo hivyo, bila kupunguza.

"Ndege inafika au haifiki?"

"Inafika."

"Basi hicho hicho."

Jumapili, 15 Desemba
Dada ametuma meseji, ndefu, ameandika kila neno kwa ukamilifu kama kawaida yake. Anaomba lile gauni la kitenge lipigwe pasi. Anasema kwenye kikao nisiingie. Nikitaka nikae nje, na nisiulize mtu chochote. Nimekubali. Selestina amelitundika gauni mlangoni.

Dada anatua Jumanne jioni, nitakuwepo kumpokea. Kikao ni Jumatano, tarehe 18 Desemba, saa tatu asubuhi.